Kuingia serikalini kama msaidizi wa sheria: vyeti, usaili na kuhesabu siku

Tuanze na jina, maana hapo ndipo wengi hupotea kabla hawajaandika hata barua moja ya maombi. Tanzania ina watu wa aina mbili wanaoitwa karibu sawa. Wa kwanza ni msaidizi wa kisheria anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 1 ya mwaka 2017. Huyu hufanya kazi chini ya taasisi iliyosajiliwa kutoa msaada wa kisheria. Anaelimisha watu, anawaelekeza pa kupeleka shauri, anawasaidia kuandaa nyaraka, na haruhusiwi kumtoza mwananchi hata senti. Hana mshahara wa serikali. Wa pili ni mtumishi wa umma mwenye astashahada au stashahada ya sheria, aliyeajiriwa katika kitengo cha sheria cha wizara, halmashauri au wakala, au katika masijala ya mahakama. Ninayoandika hapa yanamhusu huyu wa pili, yaani njia tuliyopita sisi tulioingia kwa ngazi hiyo, na mahali ambapo tuliumia bila sababu.

Usitafute neno moja kwenye matangazo. Taasisi moja huandika msaidizi wa sheria, nyingine karani wa mahakama, nyingine kazi ya kumbukumbu inayodai cheti cha sheria. Matangazo ya Mtendaji wa Kijiji nayo hutaja Sheria miongoni mwa fani zinazokubaliwa, na wapo wahitimu wa sheria walioanzia huko. Soma sifa na majukumu, jina la kada, yaani aina ya kazi, liache mwisho.

Milango mikubwa ni miwili. Wizara, wakala, halmashauri na mashirika mengi ya umma huajiri kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwenye mfumo wake wa Ajira Portal. Mahakama ya Tanzania huajiri kupitia Tume ya Utumishi wa Mahakama, yenye mfumo wake peke yake. Akaunti ya huku haikufikishi kule. Kuna watu walikaa mwaka mzima wakisubiri nafasi za ukarani wa mahakama kwenye mfumo usiozitangaza.

Kabla ya kuomba chochote, fikiria jambo hili kwa utulivu, hasa kama una shahada ya sheria lakini hujapita Shule ya Sheria, yaani mafunzo ya vitendo ambayo mwenye shahada hupitia kabla ya kuwa wakili. Nafasi za Afisa Sheria mara nyingi zinataka na hiyo Shule ya Sheria, kwa hiyo unashawishika kuomba nafasi ya ngazi ya stashahada ili angalau uingie. Inawezekana. Ila matangazo hubeba sharti ambalo watu hulipita haraka: aliyekwisha kuajiriwa katika utumishi wa umma kwenye kada ya kuingilia asiombe tena nafasi ya kuingilia, na hurejelewa waraka wa tarehe 30 Novemba 2010. Maana yake ni kwamba ukishaingia kwa mlango wa chini, hutoki tu ukaomba mlango wa juu kama mtu wa nje. Utapitia kwa mwajiri wako, uombe kubadilishiwa kada, usubiri kibali na bajeti. Inaweza kuchukua miaka. Mshahara nao hufuata kada uliyoingilia, haufuati cheti kilicho kabatini. Kwa maoni yangu, kama una nafasi ya kumaliza Shule ya Sheria ndani ya mwaka mmoja au miwili, maliza kwanza. Kama huna, ingia ukiwa unajua.

Sasa vyeti. Hapa ndipo maombi mengi hufa, na hufa kimyakimya, kwa sababu usipokidhi vigezo jina lako halionekani tu kwenye orodha ya walioitwa. Unatakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita kama ulifika, na cheti cha taaluma pamoja na matokeo yake yote. Hati ya matokeo ya muda, taarifa ya matokeo na slipu za kidato cha nne au cha sita hazikubaliwi. Mhitimu mpya hapa ana shida yake maalumu: mahafali yamepita, cheti chenyewe hakijatoka chuoni, na tangazo ni la siku kumi na nne. Fuatilia cheti chuoni tangu siku ulipomaliza madeni ya ada na maktaba, usisubiri tangazo. Kama ulisoma nje ya nchi, vyeti vya chuo vinahitaji uthibitisho wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) au NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi), na vya sekondari uthibitisho wa NECTA (Baraza la Mitihani). Nao unachukua muda.

Nakala za vyeti zigongwe muhuri na wakili au mwanasheria anayeruhusiwa kuthibitisha nyaraka. Peleka na vyeti halisi avione. Skani nakala iliyogongwa muhuri, si ile safi, na uangalie kwenye simu kama muhuri na tarehe vinasomeka ukikuza picha. Skani ya rangi inasaidia, maana muhuri wa bluu ukigeuka kijivu huwa kama doa.

Majina yametugharimu wengi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi, cha kidato cha nne kinasema Mwanahidi, kitambulisho cha NIDA kimepunguza jina la babu. Kwenye usaili msailiwa mwenye majina yanayotofautiana hutakiwa kuonyesha hati ya majina (deed poll) iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kiapo cha kawaida ulichogongewa muhuri jioni ya kuamkia usaili kinaweza kukurudisha nyumbani. Tandaza vyeti vyako vyote mezani leo, usome herufi kwa herufi. Kazi unayoiomba ndiyo hiyo hiyo: kuona herufi moja iliyokosewa kabla mwingine hajaiona.

Kwenye mfumo jaza kila sehemu, hata ile inayoonekana haina maana. Mkoa unaoishi sasa ni muhimu kuliko unavyodhani, kwa sababu usaili wa mchujo wa kada nyingi siku hizi hufanyikia mikoani, na unapangiwa kwa kuangalia taarifa hiyo. Ukiwa umeandika Dodoma kwa sababu ulisoma huko, nawe umesharudi Tanga, nauli ni yako. Matangazo ya kuitwa husema wazi kwamba kila msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Tenga hela hiyo mapema, hata kidogo kidogo, kwa sababu kati ya kuitwa na kusailiwa muda huwa mfupi. Umri wa kuomba kwa kawaida usizidi miaka 45, kwa hiyo mhitimu mpya hilo halimsumbui.

Barua ya maombi isainiwe. Linasikika jambo dogo, lakini mtu huandika kwenye kompyuta, akahifadhi, akapakia bila sahihi. Chapa, saini kwa kalamu, skani. Mwelekeze yule aliyetajwa kwenye tangazo kwa cheo chake kamili, taja nafasi kama ilivyoandikwa, na aya ya pili ioanishe sifa zako na majukumu ya tangazo. Ukiwa umejitolea kwenye taasisi ya msaada wa kisheria, sema ulichofanya kwa vitendo: ulijaza rejista ya wateja, uliandaa rasimu za barua, uliwaelekeza wajane kufungua mirathi Mahakama ya Mwanzo. Huo ndio uzoefu ambao mhitimu anaweza kuupata bila kuajiriwa, na ni mzuri kuliko kukaa nyumbani ukisubiri matokeo.

Usaili huja kwa hatua. Kwanza mchujo wa kuandika, kisha mahojiano, na kwa baadhi ya kada kuna vitendo katikati. Matokeo ya mchujo hubandikwa kwa namba ya usaili, kwa hiyo iandike namba yako kabla hujatoka chumbani. Kufaulu hakumaanishi kuitwa. Unaweza kupata alama nzuri ukakuta huendelei, kwa sababu wanaoendelea hutegemea idadi ya nafasi. Hilo linauma, tena sana ukiwa umekopa nauli. Omba tena.

Kwa mahojiano, jiandae kwenye mambo ya msingi ambayo tukiwa chuoni tuliyaona mepesi. Ngazi za mahakama kuanzia ya Mwanzo hadi ya Rufani, na rufaa inavyopanda. Haki ya kusikilizwa katika Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba. Mwanasheria Mkuu wa Serikali katika Ibara ya 59. Maadili ya utumishi wa umma. Na swali linalowaangusha wengi ni la nani anafanya nini. Tangu Februari 2018 mashauri ya madai ya serikali yako kwa Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, na mashtaka ya jinai kwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Mhitimu akisema Mwanasheria Mkuu ndiye anayekwenda mahakamani kwa kila kitu, jopo linajua alisoma kwa madaftari ya kaka yake. Siku ya usaili beba vyeti halisi na kitambulisho, viwe kwenye bahasha moja usiyoiweka chini.

Halafu kuna kusubiri. Waliofaulu mahojiano wakakosa nafasi majina yao huhifadhiwa kwenye kanzidata, na wapo walioitwa kutoka humo nafasi ilipopatikana. Ndicho kipindi ambacho atatokea mtu wa kukupigia simu akisema jina lako liko mezani kwake, tuma kiasi fulani alisukume. Usitume. Hakuna hatua yoyote ya ajira ya serikali inayolipiwa, na aliyekupigia amechukua jina lako kwenye orodha ile ile iliyobandikwa hadharani.

Barua ya kupangiwa kituo ikitoka ina muda wa kuripoti, na usiporipoti ndani ya muda huo nafasi inaweza kwenda kwa mwingine. Nenda na vyeti halisi vyote, picha ndogo, namba ya NIDA, akaunti ya benki yenye majina yanayofanana na vyeti, na uwe tayari kupimwa afya. Taarifa zako zinaingizwa kwenye mfumo wa watumishi, na mpaka ziidhinishwe hakuna mshahara. Kuna wanaolipwa mwezi ule ule, kuna wanaokaa miezi wakadai malimbikizo. Posho ya kujikimu ipo kwa mwajiriwa mpya, ila usiipangie kodi ya chumba, inaweza kuchelewa. Mshahara ukija, usishtuke: PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inachukua asilimia 5 ya mshahara wa msingi, bima ya afya ya NHIF asilimia 3, na kama ulikopa kwenye Bodi ya Mikopo, asilimia 15 inakatwa humo humo, kodi bado.

Sasa kazi yenyewe. Chuoni hawatufundishi masijala, na wiki ya kwanza ni masijala tupu. Kila jalada lina namba ya kumbukumbu. Kila karatasi inayoingia hupewa namba ya folio kwenye kona ya juu kulia, na maagizo huandikwa kwenye karatasi ya madokezo kwa kutaja folio: "Rejea folio 14, tafadhali andaa maelezo." Jifunze kuandika dokezo sabili fupi, yaani maelezo ya ndani ya ofisi kwa mkuu wako: suala ni nini, limetokea nini mpaka sasa, sheria inasema nini, unapendekeza nini. Mkuu wa kitengo ana majalada thelathini mezani, kwa hiyo pendekezo lako asilitafute ukurasa wa tatu. Na usitoe karatasi kwenye jalada hata kwa nia ya kuinakili bila kuandika umeichukua. Folio ikipotea, wewe ndiye wa mwisho kuonekana nayo.

Ila kitu ambacho kitakufanya uthaminiwe au ukimbiwe ni tarehe. Hapa nitakaa kidogo.

Serikali hupoteza mashauri kwa siku zilizopita huku hati ikiwa imelala getini. Wito wa mahakama unafika mapokezi Ijumaa saa tisa na nusu. Mpokeaji anagonga muhuri, anauweka kwenye trei pamoja na kadi za mialiko. Jumatano masijala inaufungulia jalada, Ijumaa nyingine mwanasheria anauona. Yeye anahesabu kuanzia Ijumaa hiyo. Mahakama inahesabu kuanzia muhuri. Katika kesi ya madai mbele ya mahakama inayofuata Sheria ya Mwenendo wa Madai, hati ya utetezi hutakiwa ndani ya siku 21 tangu kupokea wito, na wiki nzima imeshaliwa na trei.

Kwa hiyo wiki yako ya kwanza nenda mapokezi ukajitambulishe. Mwombe dada wa mapokezi jambo moja: karatasi yoyote yenye nembo ya mahakama, ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (ya migogoro ya kazi) au ya kampuni ya mawakili akupigie hapo hapo, hata kama uko chakula. Kwenye hati iandikwe tarehe, saa, jina la aliyeileta na jina la aliyepokea. Bahasha usiitupe.

Kisha fungua kalenda ya mashauri. Daftari gumu linatosha, na jedwali la kompyuta ni nakala yake. Safu zake: namba ya shauri, wahusika, mahakama, siku hati ilipopokelewa, siku ya mwisho kisheria, siku ya mwisho ya ofisi, tarehe ya kutajwa au kusikilizwa, na nani anashika. Siku ya kupokea haihesabiwi. Wito uliopokelewa Jumatatu, tarehe 16 Juni 2025, siku ya kwanza ni tarehe 17, na siku ya 21 inaangukia 7 Julai, Saba Saba, kwa hiyo inasogea hadi tarehe 8. Lakini anayesubiri tarehe 8 mtandao utamkatikia mkononi. Nyaraka siku hizi zinawasilishwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa mahakama, na faili kubwa la vielelezo halipandi jioni ya mwisho. Siku ya mwisho ya ofisi iwe angalau siku saba kabla.

Notisi ya siku 90 ina uzito wake peke yake. Anayetaka kuishtaki serikali lazima aitoe kwanza, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 utaratibu huo unagusa pia halmashauri, wakala na mashirika ya umma. Wengi huipokea wakaiweka pembeni kwa kuwa "bado si kesi". Hizo siku 90 ndizo za kukusanya mkataba, barua, risiti na majina ya watumishi waliohusika, kabla hawajahamishwa au kustaafu. Andaa nakala ya notisi, maelezo ya tukio kwa mpangilio wa tarehe na vielelezo vyake, mkuu wako avipeleke kwa Wakili Mkuu wa Serikali mapema. Wakili wa Serikali anayepokea jalada lenye vielelezo vilivyopangwa anakukumbuka.

Kwenye rufaa, jifunze kwa moyo: kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30, na kutoka hapo kwenda Mahakama Kuu ni siku 30. Kwenda Mahakama ya Rufani, notisi ya rufani ni siku 30, na rufani yenyewe siku 60 tangu notisi iwasilishwe. Hapo kuna barua moja ambayo mara nyingi wewe ndiye utaiandika, ya kuomba nakala za mwenendo, hukumu na tuzo. Iandikwe ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na nakala yake ipelekwe kwa upande wa pili. Ikifanyika hivyo, muda uliotumika kuandaa nakala hutolewa kwenye hesabu ya zile siku 60. Ukisahau kumpelekea mwenzako nakala, au dispachi (daftari la kusainia barua zinazopelekwa) ikakosa sahihi ya mpokeaji, nafuu hiyo inapotea na rufani ya mamilioni inaondolewa kwa ajili ya barua ya aya mbili. Dispachi ya barua hiyo toa nakala, iweke kwenye jalada kama folio.

Tahadhari na rasimu za zamani. Ofisi nyingi zina kompyuta yenye faili linaloitwa "Template" la mwaka 2012, na kila mgeni hulirithi. Toleo la Mwaka 2023 la sheria zilizorekebishwa lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na namba za vifungu kwenye sheria nyingi zimehama. Kifungu ulichokariri chuoni kihakiki kwenye toleo jipya kabla hujakiweka kwenye rasimu. Kiswahili nacho kimepewa nafasi ya kwanza katika sheria na utoaji haki tangu marekebisho ya mwaka 2021, kwa hiyo jizoeze kuandika hati ya madai, kiapo na maombi kwa Kiswahili safi bila kutafsiri neno kwa neno.

Majirani wakishajua uko ofisi ya sheria watakuja na mikataba ya viwanja na madai ya mirathi. Waelekeze, waambie wapi pa kwenda, lakini usiandae hati kwa malipo. Sheria ya Mawakili inamzuia asiye wakili kuifanya kazi hiyo kwa ujira, na wewe una ajira ya kupoteza. Usipige picha ukurasa wa jalada ukautuma kwenye kundi la WhatsApp kuuliza ushauri. Tangu 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, na majalada ya ajira na mirathi yamejaa taarifa za watu.

Mwaka wa kwanza ni wa majaribio, miezi 12. Malengo yako ya kazi yanajazwa kwenye mfumo wa utendaji, PEPMIS, na mtu huyaacha mpaka mwisho wa mwaka akakuta hana cha kuonyesha. Jaza kila wiki: mashauri uliyoyafungulia jalada, hati zilizowasilishwa kwa wakati, barua ulizoandaa. Miezi 12 ikikaribia, andika barua ya kuomba kuthibitishwa kazini kupitia kwa mkuu wako wa kitengo, usisubiri utumishi wakukumbuke. Barua ya uthibitisho ikitoka, toa nakala mbili. Moja ibaki nyumbani, kwenye ile ile bahasha ya vyeti uliyokwenda nayo kwenye usaili.